Klabu za mazingira zisisubiri Juni kupanda miti

Mhariri,

Klabu nyingi za mazingira katika sekondari za Pwani hupanda miti Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani. Masika yamekwisha, shule zinafungwa, miche inakauka. Inauma, maana kazi yote ya kitalu inapotea.

Mashimo yachimbwe Februari, sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu utengwe na kuchanganywa na ndoo ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mvua zikishika Machi, pandeni, kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) kikichanwa na kuondolewa kabisa. Zamu za kumwagilia wakati wa likizo wapewe wanafunzi wa kutwa wanaoishi karibu: lita 10 za maji kwa mche, mara mbili kwa wiki. Uzio wa miiba uwekwe siku ileile ya kupanda, kwa sababu ya mbuzi.

Mlezi wa klabu,
Bagamoyo