Magodoro yapimwe kwa mizani, tumechoka kubonyeza nailoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nisamehe nikirefusha maana hili jambo ninalo moyoni tangu masika. Kuna baba mmoja aliandika humuhumu akishauri kila mwenye mgongo atupe godoro, apigilie plaiwudi juu ya chaga na alale hapo, kwamba yeye kapona kabisa. Shikamoo baba, nakuheshimu, ila mimi nilikufuata hata kabla hujaandika na yaliyonikuta nayajua mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro. Miaka 14 nimekaa kwenye stuli nimeinamia mashine, kwa hiyo kiuno kuuma jioni nilishazoea, hiyo ni sehemu ya kazi kama kujichoma sindano. Kilichonishtua ni kwamba kikaanza kuuma asubuhi. Naamka siwezi kuinama kuvaa ndala, naenda chooni nimeshika ukuta kama bibi wa miaka 80, alafu ikifika saa tano niko sawa nashona kama kawaida. Nikajiuliza, kama tatizo ni cherehani mbona linauma wakati sijaigusa? Basi ni usiku.

Shangazi yangu akasema lala chini mwanangu, mgongo unataka kunyooshwa. Nikatandika mkeka na shuka mbili, wiki mbili nzima. Mimi nalala ubavu, toka mdogo, nikilala chali nakoroma mpaka watoto wanalalamika. Sasa lala ubavu kwenye sakafu ya sementi uone, bega linakufa ganzi, nyonga inauma kama umepigwa na rungu, na kiuno kilekile hakijapona. Wiki ya pili nikajumlisha maumivu yalikuwa mamoja yamekuwa matatu.

Ndo nikaenda kununua godoro. Duka silitaji, mjini hapahapa. Magodoro yamepangwa kama mikate, yote yamevishwa nailoni, kijana akaniambia dada angu chukua hili la inchi nane, hai densiti, orijino, waranti miaka kumi, mgongo utausahau. Nikabonyeza kwa ngumi juu ya nailoni kama wote tunavyofanya. Jamani ngumi inajua nini kuhusu kiuno? Nikamwomba nilale hata dakika tano nijaribu, akawaangalia wenzake wakacheka, akanijibu "anti hapa sio gesti". Nikalipa laki tatu na ishirini, futi tano kwa sita, nikaondoka nalo kwenye guta nikiwa na furaha kabisa.

Miezi mitatu tu. Katikati pakawa na shimo, ukiweka yai pembeni linabiringika lenyewe mpaka kati. Mume wangu ni mtu wa kilo tisini na kitu, akigeuka mimi nateremka kwake nipende nisipende, na mwanzoni tulicheka lakini ilipofika wiki ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka. Nikarudi dukani na risiti na karatasi ya waranti. Wakasoma, wakasema waranti ni ya mshono na zipu, kubonyea haimo, tena umelilalia sana upande mmoja. Nimelilalia! Sasa nilinunua nilifanyie nini? Na mshono kweli ulikuwa mzuri, hilo nasema kama fundi, mshono wa kava ulikuwa bora kuliko kitu kingine chochote kwenye lile godoro.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja jirani anayetengeneza sofa, yeye kila siku anakata sponji. Alikuja kuchukua suruali yake akanikuta nimejikunja kwa maumivu kwenye stuli, nikamsimulia, akauliza swali moja tu: lina kilo ngapi? Nikamwambia mzee mimi nimenunua godoro sio sembe. Akasema ndo hapo mnapoibiwa, nyie mnanunua inchi, sponji inanunuliwa kwa uzito. Inchi ni unene tu, hata hewa unaweza kuijaza ikafika inchi kumi. Tukalibeba kwenye toroli mpaka mashine ya kusaga maana kule kuna mizani kubwa ya magunia, njia nzima watu wananiuliza mama nani unahama? Kulipima, kilo 10 na nusu. Mimi nikatoa futikamba yangu nikapima unene, inchi saba na robo. Karatasi ilisema nane!

Sasa hesabu yake naomba uichape kama ilivyo, Mhariri, maana ni rahisi na kila mtu anaweza. Godoro la futi tano kwa sita lenye inchi nane kamili ujazo wake ni futi 20, ambazo ukigeuza ni kama mita 0.57 za ujazo. Ile densiti wanayoiimba madukani maana yake ni kilo ngapi za sponji zimo kwenye mita moja ya ujazo. Kwa hiyo godoro la saizi hiyo likiwa la densiti 30 linatakiwa lisome kama kilo 17, likiwa la 25 kama kilo 14, na hapo hujahesabu kava. La nne kwa sita la inchi nane kwa densiti hiyo ya 30 linakuja kilo 13 na nusu hivi, la sita kwa sita kilo 20. Langu hata ukilihurumia ukatumia ule unene wake wa kweli linakuja densiti 20 na kidogo. Mzee akasema sponji ya hivyo yeye anaweka kwenye mgongo wa sofa, hawezi kuiweka pale anapokalia mtu, sembuse watu wawili wakubwa usiku kucha.

Ila alinionya kitu kingine ambacho nilikuwa nachanganya na nadhani wengi tunachanganya. Uzito sio ugumu. Sponji inaweza kuwa nzito na ni laini, na inaweza kuwa nyepesi alafu ngumu kama kuni, uzito unakwambia itadumu kiasi gani kabla haijalala, ugumu ni habari ya mgongo wako. Madukani ukisema unataka hai densiti unapewa gumu, muuzaji mwenyewe hajui tofauti. Alafu tena hata uzito unaweza kuchezewa, kuna wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji kiwandani ili mizani iseme vizuri, kwa hiyo mizani yako peke yake haimalizi. Ndo maana nasema wenye maabara waingie.

Huo ugumu nao nilielimishwa nilipoenda hospitali, kitengo cha fiziotherapia. Dada wa pale alinipima kwanza akaniuliza maswali mengi, kama mguu unaishiwa nguvu, kama nimekufa ganzi sehemu za siri, kama mkojo unanitoka wenyewe au unagoma kutoka, kama nina homa za usiku au nimepungua mwili, maana kuna TB ya uti wa mgongo na mambo mengine ambayo godoro lolote duniani haliwezi kuyatibu. Wenye dalili hizo msisome barua yangu, nendeni hospitali leo. Mimi sikuwa nazo. Akasema niko kundi la wengi, duniani mwaka 2020 walihesabiwa watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno, na wengi wao hakuna mfupa uliovunjika wala nini.

Nikamuuliza habari ya kulala pagumu. Akacheka, akasema hata madaktari walikuwa wanashauri hivyo zamani, mpaka Hispania wakafanya utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2003. Walichukua watu 313 wenye mgongo sugu, watu wa aina yangu kabisa wanaoumwa wakiwa kitandani na wakati wa kuamka, wengine wakapewa godoro gumu, wengine la ugumu wa kati, bila kuambiwa lipi ni lipi. Baada ya siku 90 wa ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi, kitandani na hata kwenye shughuli zao za mchana. Sababu yake ukiifikiria ni kama ushonaji tu. Mwili sio ubao, una bega na una nyonga, pagumu panasukuma vile vilivyotokeza na kiuno kinabaki kinaning'inia hewani, pakiwa laini sana nyonga inazama na uti unapinda kama ndizi. Unatafuta katikati, na katikati yako sio yangu, mtu wa kilo 50 na wa kilo 95 wakilalia godoro moja kila mtu atakwambia habari yake.

Kabla ya kununua lingine yule mzee wa sofa alikuja kuangalia kitanda chenyewe. Chaga sita! Sita kwa urefu wote ule, katikati ya chaga na chaga unapitisha kichwa cha mtoto. Akaniambia hata ungeweka godoro la mfalme hapo lingezama kwenye mianya. Tukaongeza mbao, sasa mwanya hauzidi vidole vinne, gharama haikufika elfu ishirini pamoja na misumari. Na usiku uleule, kwenye lile lile godoro bovu, nililala nafuu. Kwa hiyo mwenye mgongo, kabla hujakopa, nyanyua godoro uangalie chini.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu Kilosa. Kitanda chake kilikuwa cha kamba ya mkonge na godoro la sufi, na kila kiangazi alikuwa analifumua, anaanika sufi juani, tunaichambua sisi wajukuu tukipiga chafya, anarudisha anashona upya, na kamba zikilegea anaita mtu wa kuzikaza. Sisemi vilikuwa bora, kile kitanda kilikuwa kinabonyea kama machela. Lakini kilikuwa na matengenezo. Hili la sponji likishalala limelala, huna cha kufumua.

Godoro la pili nilinunua zamu yangu ya mchezo wa kuchangishana pesa iliponifikia, laki nne na nusu. Nilizunguka maduka manne kutafuta mtu atakayeniruhusu kulala, nikampata mama mmoja ambaye alifungua nailoni akatandika kanga yake mwenyewe juu, Mungu ambariki. Nililala robo saa. Chali nikapitisha kiganja chini ya kiuno, la kwanza mkono ulipita kama kwenye daraja, gumu hilo, la pili mkono haukupita kabisa, laini, la tatu ulipita kwa kubanwabanwa, ndo nikachukua hilo. Alafu nikalala ubavu, binti yangu akavuta futikamba toka shingoni mpaka mwisho wa uti tukaangalia kama unafuata mstari. Watu walituangalia sana. Kwenye mizani lilisoma kilo 17 pamoja na kava.

Mgongo haujaisha, nisidanganye. Nainuka kwenye stuli kila nusu saa, nafanya mazoezi niliyopewa, naweka mto katikati ya magoti nikilala, vyote hivyo vimechangia na siwezi kukwambia kipi zaidi. Ila ndala navaa mwenyewe asubuhi.

Sasa ombi langu. Mchele tunapimiwa, nyama tunapimiwa, hata chuma chakavu kina mizani. Shirika la Viwango (TBS) na Wakala wa Vipimo, tunaomba kila godoro linaloingia dukani liandikwe kilo zake, densiti yake na unene wake wa kweli, kwenye lebo iliyoshonewa kwenye kava, sio kikaratasi cha ndani ya nailoni kinachotupwa siku ya kwanza. Na waranti iseme wazi kama kubonyea kumo au hakumo na ni inchi ngapi. Na wenye maduka wafungue godoro moja la mfano kwa kila aina, watu wavue viatu walale, hatutakoroma. Na wewe Mhariri, mtume mwandishi wako na mizani na futikamba apite maduka matano tu alafu achape alichokuta. Futikamba nitamuazima.

Na yule baba wa plaiwudi, kama anasoma, naomba ajibu humuhumu swali moja: huwa analala chali au ubavu?

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro