Barua kwa Abdalla: Mbio Mia Nne za Brian Lara

Mombasa,
27 Julai 2025.

Ndugu yangu Abdalla,

Ama baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote, nakuarifu kuwa sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Barua yako imenifikia, nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisoma kwa hasira kidogo. Juu ya Wiaan Mulder, yule mcheza kriketi, sina ubishi nawe. Kijana amekabidhiwa unahodha wa Afrika Kusini kwa mara ya kwanza, mapema mwezi huu kule Bulawayo dhidi ya Zimbabwe, amefika mbio 367 (ndizo pointi za mpigaji) bila kutolewa, zimebaki 33 tu aifikie rekodi ya mbio 400 ya Brian Lara wa West Indies, ile timu ya pamoja ya nchi za Karibi, kisha ulipofika wakati wa chakula cha mchana akaifunga zamu ya timu yake ya kupiga kwa hiari, ili wapinzani waingie, na baadaye akasema kuwa Lara ndiye anayestahili kubaki nayo. Ni uungwana, ingawa Lara mwenyewe, kwa maelezo ya kijana huyo, alimwambia kuwa ilimpasa aendelee. Wewe hukuishia hapo. Umesema kuwa uungwana wa Mulder umeuanika ubinafsi wa Lara, eti mwaka 2004 aliitoa mhanga mechi ya timu yake ili ajipatie mbio 400. Hilo siwezi kulinyamazia.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana umemhukumu kana kwamba alizaliwa siku ile. Lara alizaliwa tarehe 2 Mei 1969 huko Cantaro, kijiji cha bonde la Santa Cruz katika kisiwa cha Trinidad, akiwa mtoto wa kumi katika nyumba ya watoto kumi na mmoja. Dada yake Agnes ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka kwenye mafunzo ya klabu ya Harvard alipokuwa na umri wa miaka sita. Inasimuliwa kuwa nyumbani alikuwa akipanga vyungu vya maua barazani, akavifanya walinzi wa uwanja, wale wanaouzuia na kuudaka mpira, kisha akawa anapiga gololi kuzipenyeza katikati ya vyungu hivyo. Mimi naisadiki hadithi hiyo kwa sababu ya namna alivyopiga alipokuwa mtu mzima. Alikuwa mashoto, mfupi wa kimo, mwenye kuliinua gongo juu mno kabla ya kulishusha, na mpira wake ulipita katikati ya walinzi wawili kana kwamba aliwahesabu kabla mrushaji hajaanza kukimbia. Baba yake, Bunty, alifariki mwaka 1989, na mechi ya kwanza ya testi ya mwanawe, yaani zile mechi ndefu za siku tano baina ya mataifa, ilikuja Desemba 1990 kule Lahore, dhidi ya Pakistan.

Miaka iliyofuata unaijua, kwa hiyo sitakuchosha. Januari 1993 alipata mbio 277 mjini Sydney, hata bintiye akamwita jina la mji huo. Tarehe 18 Aprili 1994, mjini St John's katika kisiwa cha Antigua, aliwapiga Waingereza mbio 375 na kuivunja rekodi ya mkongwe wa West Indies, Garfield Sobers, ya mbio 365, iliyokuwa imedumu miaka 36, na Sobers mwenyewe akaingia uwanjani kumkumbatia. Baada ya siku 49, akiichezea Warwickshire, timu ya jimbo huko Uingereza, mjini Birmingham, alifikisha mbio 501 bila kutolewa dhidi ya Durham, na hadi leo hakuna aliyefika hapo katika mechi za daraja la kwanza, zile ndefu za siku tatu au zaidi. Katika zamu hiyo mlinda wiketi wa Durham, yule mdakaji wa nyuma ya mpigaji, aliuangusha mpira ambao ungemtoa Lara akiwa na mbio 18 tu. Namfikiria mara nyingi yule mlinda wiketi.

Ninachotaka ukipime, Abdalla, ni wakati ambao sifa hizo zilimfikia. Timu ya West Indies ilikuwa imekaa miaka 15, tangu 1980, bila kushindwa katika mfululizo wowote wa mechi za testi. Mwaka 1995 Waaustralia walikwenda Karibi wakaivunja enzi hiyo, na Lara alikuwa na umri wa miaka 26. Waliomtangulia walikuwa na warushaji wanne wa kasi waliowafanya wapigaji wa dunia nzima waogope kuamka asubuhi, hivyo mpigaji wa West Indies wa wakati ule aliingia uwanjani akijua kwamba hata mbio mia mbili huenda zikatosha. Lara alirithi jina la nyumba wakati kuta zimekwisha kuanza kubomoka. Warushaji waliokuwa wamebaki, Curtly Ambrose na Courtney Walsh, walikuwa wanazeeka, na nyuma yao hapakuwa na watu wa kiwango chao. Katika mechi zake 131 za testi, timu yake ilishindwa karibu nusu.

Sisi Wakenya hatuna haki ya kuusahau mporomoko huo, kwa kuwa tuliuonja utamu wake. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, katika Kombe la Dunia, vijana wetu walitolewa wote kwa mbio 166, nasi tukasema basi, yamekwisha, mabwana wanakula mapema leo. Kisha mrushaji wetu Rajab Ali akamtoa Lara kwa mbio 8, mpira umegusa ukingo wa gongo na kuingia mikononi mwa mlinda wiketi wetu Tariq Iqbal, ambaye siku ile alikuwa ameangusha mipira kadhaa na kuwachekesha watu, lakini huo hakuuangusha. Maurice Odumbe wetu akachukua wiketi tatu, yaani akawatoa wapigaji watatu, kwa mbio 15 tu, na West Indies wakaishia 93. Ulikuwa ukiishi kwangu wakati ule. Unakumbuka tulivyoisikia habari hiyo redioni, tukadhani msomaji amezibadili namba. Siku kumi na moja baadaye, mjini Karachi, Lara huyohuyo aliwapiga Afrika Kusini mbio 111 katika robo fainali na kuwatoa mashindanoni. Ndivyo alivyokuwa, leo chini na kesho juu.

Sisemi kuwa hakuwa na kasoro. Mwaka 1995 aliondoka kambini katikati ya ziara ya Uingereza, kisha mwishoni mwa mwaka huo akajitoa katika ziara ya Australia. Mwaka 1998, yeye na wachezaji wenzake waligoma jijini London kwa ajili ya malipo walipokuwa njiani kuelekea Afrika Kusini, bodi ikamvua unahodha na kumrudishia siku chache baadaye, na walipofika huko walishindwa mechi zote tano. Katika mgomo ule naona walikuwa na haki ya kudai, kwa sababu mchezaji wa kulipwa ana miaka michache ya kuchuma, na jina tupu halimlishi. Lakini mtu anayedai malipo kisha akarudi na sifuri kwa tano hawezi kutarajia wenyeji wampokee kwa vigelegele. Mwezi Machi 1999 mambo yakawa mabaya zaidi: wakiwa nyumbani kwao, mjini Port of Spain, West Indies walitolewa wote kwa mbio 51 mbele ya Australia. Lara alikuwa ameachiwa unahodha kwa muda wa majaribio tu.

Hapo ndipo naomba usome polepole. Mechi ya pili, Jamaika, alipata mbio 213 na timu ikashinda. Mechi ya tatu ilikuwa Bridgetown, Barbados, ambako siku ya mwisho, tarehe 30 Machi, walitakiwa wafikishe mbio 308 ili washinde, mbele ya warushaji wa Australia Glenn McGrath, Jason Gillespie na Shane Warne. Walipofika 105, wapigaji watano walikuwa wamekwisha kutoka. Lara alikaa na mwenzake Jimmy Adams, mtu wa subira, mpaka jumla ikawa 238, kisha Adams akaondoka na wawili wakamfuata upesi, nane wakawa nje, zikibaki mbio 60. Akaingia Ambrose, mrushaji, ambaye kushika gongo hakukuwa kazi yake, akakaza mwendo kwa zaidi ya saa moja. Katikati ya hayo yote Ian Healy, mlinda wiketi wa Australia, aliuangusha mpira uliotoka kwenye gongo la Lara, ambao ungemtoa, jambo ambalo Healy hakuwa na desturi nalo. Ambrose naye alipotoka, zilibaki mbio sita, na aliyekuja ni Walsh, ambaye huenda ndiye mpigaji mbaya kuliko wote niliowahi kumpenda. Walsh alizuia mipira mitano. Lara akampiga Gillespie mbio nne, na watu wakaufurika uwanja kabla mpira haujafika mpakani. Alikuwa na mbio 153 bila kutolewa. Ukiniuliza niiokoe zamu moja tu katika maisha yake yote, nitaiacha ile ya 400 na ile ya 501, niichukue hii.

Kisha nikupe upande wa pili, ambao watu wa rekodi hawautaji sana. Mwishoni mwa mwaka 2001 alikwenda Sri Lanka na kupata mbio 688 katika mechi tatu, akiukabili mpira wa mrushaji wao hodari Muttiah Muralitharan kana kwamba amezaliwa nao. Katika mechi ya mwisho, mjini Colombo, alipata mbio 221 katika zamu ya kwanza na 130 katika ya pili. West Indies walishindwa mechi hiyo, na walishindwa zote tatu. Sijamsikia mtu hata mmoja akiziita mbio zile ubinafsi, nami nashangaa, kwa kuwa ni mkono uleule uliozipiga.

Sasa tuje kwenye shtaka lako. Aprili 2004, Waingereza walifika Antigua wakiwa wamekwisha kushinda mechi tatu za mwanzo, na katika ya kwanza waliwatoa West Indies kwa mbio 47. Rekodi ya Lara ya 375 ilikuwa imechukuliwa na Matthew Hayden wa Australia, aliyepata 380 mwezi Oktoba uliotangulia. Lara alikuwa nahodha, na watu wake walikuwa wamechoka naye. Alipiga kwa zaidi ya saa kumi na mbili, akakabili mipira 582, na tarehe 12 Aprili alipofikisha 400 akaifunga zamu, timu ikiwa na mbio 751. Waingereza wakatolewa kwa 285, wakalazimishwa kupiga tena, nao wakasimama mpaka muda ukaisha, mechi ikabaki bila mshindi.

Nakubali kuwa hoja yako ina nguvu hapo, nami sitaikwepa. Kwa kuwa zamu yao ya kwanza walianguka, nusu siku ya ziada ingeweza kuwaletea warushaji wake ushindi, na nahodha hupimwa kwa mambo hayo. Ricky Ponting, nahodha wa Australia wakati ule, aliisema lawama hiyo waziwazi, naye hakuwa mjinga wa mchezo. Ila Ponting alikuwa akiongoza timu iliyozoea kushinda, ambayo ushindi mmoja zaidi ulikuwa mkate wa kila siku. Mtu ambaye miaka tisa amepiga mbio nyingi huku nyumba ikimwangukia, na ambaye mfululizo amekwisha kuupoteza, ana kitu gani kingine cha kuwapa watu wa Antigua waliolipa kiingilio siku tatu mfululizo? Aliwapa kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukitoa katika mechi za testi, hadi leo ninapokuandikia. Mulder naye aliifunga zamu akiwa na ushindi mfukoni. Ni rahisi kuacha chakula mezani ukiwa umeshiba.

Alistaafu Aprili 2007, Kombe la Dunia lilipochezwa kwao. Siku ya mwisho, palepale Bridgetown, alipata mbio 18, akatolewa akiwa mbioni kwa sababu ya kutoelewana na mwenzake, na Waingereza wakashinda mechi zikiwa zimebaki wiketi moja na mpira mmoja. Baadaye aliwauliza watazamaji kama amewafurahisha, wakamjibu kwa kelele. Alikuwa na mbio 11,953 za testi, nyingi kuliko mtu yeyote wa wakati ule.

Ukija Desemba, kama ulivyoahidi, nitakutolea lile daftari langu la zamani lenye matokeo niliyoyanakili kutoka magazetini. Ukurasa wa Pune umeliwa na mende pembeni, lakini mstari wenyewe bado unasomeka: Lara, mdakaji Tariq Iqbal, mrushaji Rajab Ali, mbio 8. Chini yake uliandika neno kwa kalamu nyekundu, nami sitalitaja hapa kwa sababu wajukuu husoma barua zangu.

Msalimie sana shemeji.

Wasalaam,
Nduguyo, Mbarak