Barua kwa mwanangu aliyepangwa gereza la shamba

Mwanangu,

Sisi huku Mbinga hatujambo. Mama yako anamalizia kupukuchua mahindi, mgongo unamsumbua kidogo lakini hataki kusaidiwa, unamjua.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umetoka Chuo cha Magereza Kiwira na hamu ya kazi, umefika gereza la Mollo huko Sumbawanga, wenzako wamepelekwa shambani na wewe umekabidhiwa daftari la mapokezi na kabati la hati za wafungwa. Unaniuliza kama umewekwa ofisini kwa sababu wewe ni mwanamke. Sijui aliyekupanga alifikiri nini. Mimi nasema umepewa kazi nzito kuliko zote za kituo hicho.

Ulikulia kota, shamba la gereza unalijua. Saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa ukiwaona wamechuchumaa kwa safu wanahesabiwa, wamekunywa uji, majembe yako tayari, mnyapara anaita, askari mwenye bunduki nyuma. Mchana unawaona wanarudi, wanachuchumaa tena, wanahesabiwa tena, kisha ugali na maharage. Ukiwa mtoto uliamini gereza ni kuta na ile bunduki. Mama, kinachomshika mtu mle ndani ni karatasi. Hati ya mahakama ndiyo iliyomwingiza, na tarehe utakayoiandika wewe ndiyo itakayomtoa.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kulisema hapo nyumbani. Kituo sikitaji. Nilikuwa koplo, tuko katikati ya mavuno. Kulikuwa na kijana aliyefungwa miezi 9 kwa kuiba mahindi shambani kwa mtu. Ukiondoa msamaha wa theluthi moja kwa tabia njema, inabaki miezi 6. Siku moja akanifuata, gunia begani: "Afande, siku zangu zimeisha. Hakimu alinifunga wiki ileile mwanangu alipoanza darasa la kwanza." Nikamjibu kila mfungwa anasema hivyo, apeleke gunia. Siku hiyohiyo mke wake alikuwa amekaa nje ya geti, na yule mtoto, na nguo za kumvalisha mumewe zimekunjwa kwenye kanga. Akaambiwa arudi nyumbani.

Baada ya siku 11 akaja tena, na kanga ileile. Hapo ndipo moyo uliponisuta. Nikamwomba karani atoe hati. Kijana alikaa gereza la wilaya wiki tatu kabla ya kuletwa shambani kwetu, na aliyempokea aliandika siku aliyofika kwetu kama ndiyo siku ya kuanza kifungo. Basi. Kosa la mstari mmoja. Alitoka alasiri ile, akapewa nauli, akaondoka na mkewe. Hakuna aliyemwomba radhi, na mimi sikumwomba. Zile siku 11 za kubeba magunia hazikuandikwa popote.

Nimelifikiria sana, na sidhani ulikuwa uzembe wa karani peke yake. Shamba lina njaa ya mikono. Wanaopelekwa mashambani wengi ni wa vifungo vifupi, maana hao hawana sababu ya kutoroka, na haohao ndio wanaomaliza mapema. Kwa hiyo kila wiki shamba linapoteza watu, na ekari ziko palepale. Unakumbuka Desemba 9, 2019, Rais Magufuli alipowasamehe wafungwa 5,533? Kwa mikoa yetu ya kusini ule ni msimu wa kupanda. Nilifurahi kuwaona wakitoka, lakini nilisikia pia wenzangu wakiuliza nani atapanda. Swali hilo likishaingia ofisini, hakuna anayekuwa na haraka ya kufungua kabati la hati.

Sipingi wafungwa kulima. Mwaka 2018 Magereza iliagizwa ijilishe yenyewe, na mtu kula alichokivuna kwa jasho lake hakumwondolei heshima. Wapo waliojifunza kupanda kwa nafasi na kutumia mbolea, wakaenda kulima kwao. Ila zile Kanuni za Mandela, za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatunza wafungwa, ile ya 99 inasema faida ya mradi wa gereza isiwekwe juu ya maslahi ya mfungwa. Shamba haliwezi kukukumbusha hilo. Utalikumbuka wewe.

Kwa hiyo, mama, anza kuhesabu kwenye hati, kamwe usianzie siku ya kupokelewa. Ukimaliza hesabu, mpe mwenzako aipige upya bila kumwonyesha jibu lako. Mfungwa akifika, msomee tarehe yake kwa sauti, maana wako wasiojua kusoma, na umwambie imepatikanaje. Kila Jumatatu mpelekee mkuu wa gereza majina ya wanaotoka wiki ile kabla hajapanga magenge ya kazi. Mavuno yakianza, hakiki mara mbili. Na mfungwa akikwambia siku zake zimeisha, usimjibu kwanza. Fungua kabati.

Nimetuma mzigo kwa basi la Mbeya, utaunganishwa kuja Sumbawanga. Kuna unga wa ulezi, maharage, na kalenda ya ukutani yenye nafasi kubwa ya kuandika. Mama yako anasema nguo za baridi ziko chini kabisa.

Baba yako