Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa kaunti yetu: Wafungulieni watoto njia ya mikokoni

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako zilipigwa muhuri wa kupokelewa, na habari zake zikaishia hapo.

Juma lililopita lori lilimwaga vifusi ukingoni mwa mikoko, mchana kweupe, watu wakipita, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza dereva. Zamani lisingepita kimya. Kabla hamjazungushia seng'enge na kutundika kibao cha kukataza watu kuingia, wanafunzi wangu walikuwa wakishuka huko maji yanapokupwa, wakiokota mbegu za mkoko, zile ndefu zinazochipua zikiwa bado zinaning'inia mtini, na kuzichomeka topeni kwa mikono yao. Nilimsikia msichana wa darasa la tano akimwambia mzee aliyeshika panga, "Babu, huo usiukate, ndipo kaa wanapojificha." Mzee aliteremsha panga lake. Kibao chenu hakijamzuia mharibifu hata mmoja.

Nadhani nia ya ua huo ilikuwa njema. Lakini mtu hulinda anachokijua na kukipenda, na mtoto aliyefukuzwa ufukweni atakijuaje? Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilihifadhiwa kwa karne nyingi na wazee walioiheshimu kwa matambiko na makaburi yaliyomo, bila waya wowote. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda mikoko yao wenyewe, na mapato ya kaboni, yaani fedha wanazolipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo, yamewaletea maji na kusaidia shule. Najua fedha nazo zina nguvu yake. Hata hivyo, mlinzi wa kwanza ni yule anayeuona msitu kuwa wake. Sheria peke yake tumeiona: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na bado naiona imenasa kwenye mizizi ng'ambo ya waya.

Mheshimiwa, katika Siku ya Mikoko, Julai iliyopita, uliahidi mbele ya wazazi kwamba shule zitawekewa lango. Wazazi wananiuliza mimi. Watoto wananiuliza mimi. Lango moja tu, Mheshimiwa, na ufunguo ukae kwa mwalimu mkuu. Tunaomba lifunguliwe kabla ya muhula ujao, na tunaomba jibu lako kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa shule ya msingi