Nyota za simuni hazitoshi kuchagulia pa kula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu makala iliyotoka katika toleo lenu la Jumapili, iliyowashauri wasomaji namna ya kuchagua mahali pa kula katika mitaa ya mijini ambako watu wa asili nyingi wanaishi pamoja. Mwandishi alieleza vizuri raha ya mtaa ambao kwa mwendo wa dakika chache tu mtu hupita mbele ya majiko ya mabara matatu, na kwa hilo sina ubishi naye. Ninachopinga ni ushauri wake mkuu, kwamba mgeni wa mtaa wa namna hiyo afungue simu, apange mikahawa kwa idadi ya nyota ambazo wateja huipa mtandaoni, aitupe kando yote iliyo chini ya nyota nne, kisha achague katika iliyobaki. Ushauri huo unaweza kufaa pale ambapo anayepika na anayetoa nyota wamekulia chakula kimoja. Katika mtaa mchanganyiko unamnyima msomaji kilekile alichokifuata.

Nyota ni hukumu ya mtu, na kila mtu huhukumu kwa mizani aliyotoka nayo nyumbani. Mteja aliyezoea kuletewa chakula kwa awamu na kuulizwa kila mara kama anaridhika huingia katika mkahawa ambao utaratibu wake ni sahani zote kufika pamoja na mhudumu kutorudi mpaka aitwe, akatoka hapo na kuandika kwamba huduma ni mbovu. Nyota mbili zimekwenda, na chakula chenyewe hakijasemwa lolote. Mwingine hupunguza nyota kwa kuwa meza ni za plastiki, mwingine kwa kuwa samaki ameletwa na kichwa chake, mwingine kwa kuwa alisubiri nusu saa chakula ambacho hakipikiki kwa chini ya nusu saa. Anayetazama wastani peke yake hawezi kuyajua hayo. Anayesoma maoni yenyewe, hasa yale ya nyota tatu ambayo waandishi wake huwa hawakulewa furaha wala hasira, ataona mara moja kama kinacholalamikiwa ni upishi au ni ugeni wa mlalamikaji.

Wala jambo hili si dogo kwa mwenye mkahawa. Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti wake wa mwaka 2011 kuhusu mikahawa ya jiji la Seattle nchini Marekani, alikuta kwamba nyota moja zaidi katika Yelp, mtandao ambako wateja huandika maoni kuhusu mikahawa, iliongeza mapato kwa kati ya asilimia 5 na 9, na kwamba athari hiyo iliigusa mikahawa huru, si ile ya kampuni zenye matawi kila kona. Kwa maneno mengine, kampuni inayojulikana tayari kwa matangazo yake haitikisiki, ilhali familia yenye meza sita na jiko moja huinuliwa au huzamishwa na maoni ya wapita njia. Na maoni hayo si lazima yawe ya watu waliokula. Mwaka 2017 Oobah Butler, mwandishi wa habari wa London, alikisajili kibanda cha bustanini kwake katika TripAdvisor, mtandao mwingine wa maoni ya wateja, kana kwamba ni mkahawa, akapiga picha za vyakula vilivyopambwa kwa povu la kunyolea ndevu, akawaomba marafiki waandike sifa, na kabla ya mwaka kwisha kibanda hicho kilikuwa kimefika nafasi ya kwanza kati ya mikahawa yote ya London, bila kuwahi kumpakulia mteja hata sahani moja.

Kwa kuwa ninamwandikia mhariri, nitaje barua nyingine iliyopelekwa kwa mhariri, ambayo madhara yake yalidumu kuliko nyota yoyote. Mwaka 1968 daktari Robert Ho Man Kwok aliliandikia jarida la tiba la New England Journal of Medicine akieleza kwamba kila alapo katika mikahawa fulani ya Kichina nchini Marekani hupata ganzi shingoni, mwili kulegea na moyo kwenda mbio, akakisia sababu kadhaa, zikiwamo mvinyo wa kupikia, chumvi nyingi na kiungo cha kukoleza ladha kiitwacho monosodiamu glutamati. Yalikuwa makisio. Lakini jarida liliichapisha barua hiyo kwa kichwa kilichoutaja mkahawa wa Kichina kama jina la ugonjwa, na kwa miongo kadhaa wateja waliiingia mikahawa hiyo kwa hofu, hata wenye nayo wakabandika madirishani matangazo kwamba kiungo hicho hawakitumii. Majaribio yaliyofanywa baadaye, ambayo ndani yake wala mlaji wala mtafiti hakujua nani amepewa glutamati na nani hakupewa, hayakuyathibitisha madai hayo kwa namna ya kutegemewa, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inakihesabu kiungo hicho kuwa salama. Glutamati hiyohiyo imo kwa asili katika nyanya na katika jibini iliyokomaa, na sijasikia mtu aliyeukimbia mkahawa wa Kiitaliano kwa sababu hiyo. Ninalitaja hili kwa kuwa katika mtaa mchanganyiko tumbo linapouma, lawama humwendea upesi yule ambaye chakula chake tunakijua kwa uchache zaidi.

Mtu achague vipi, basi? Mimi hutazama saa kabla ya kutazama nyota. Kila jamii ina wakati wake wa mlo mkuu, na mkahawa unaoipikia jamii yake hupika kwa kufuata wakati huo; anayefika alasiri mahali ambapo wateja wote walikula adhuhuri atapakuliwa kilichobaki, kisha ataandika kwamba chakula kilikuwa cha kupasha. Si suala la ladha peke yake. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili, na kwamba kinachosubiri kupakuliwa kidumu juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Mteja hatembei na kipimajoto mfukoni, lakini macho anayo. Sufuria inayofunuliwa ikatoa mvuke mzito, mwiko unaogota chini kwa kuwa chakula kinakaribia kwisha, mpishi anayeleta sufuria mpya na kuiondoa ile ya zamani badala ya kukimimina chakula kipya juu ya kile cha asubuhi: hayo yote yanaonekana kutoka mlangoni, kabla hujavuta kiti. Chakula kuisha mapema, jambo ambalo katika maoni ya simuni huhesabiwa kuwa kosa, kwangu ni sifa.

Wapo wanaosema dawa ni nyepesi: nenda wanakokula wenyewe. Ushauri huo una ukweli wake, ila unahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa watu hawaendi mkahawani kwa chakula tu. Huenda wanakwenda kwa kuwa mwenye mkahawa huwakopesha mpaka mwisho wa mwezi, kwa kuwa mpira unaonyeshwa hapo, au kwa kuwa nyumba yao ya ibada iko ng'ambo ya barabara na hapo ndipo pa kukutania. Ninachoangalia mimi ni mchanganyiko wa umri. Vijana watupu huweza kuwa wamefuata runinga. Lakini palipo na bibi anayekula bila kulalamika, karibu na mjukuu wake, ujue chakula kimepita mtihani mgumu kuliko wa mhakiki yeyote. Na ukumbi mtupu nao usikukimbize kabla hujachungulia, maana mkahawa mwingine huishi kwa oda za kupelekwa majumbani, na waendesha pikipiki waliojipanga mlangoni ndio wateja wake.

Menyu nayo husema mengi. Jiko lenye wapishi wawili haliwezi kupika vyakula themanini vya mataifa matano bila kutegemea friji la kugandishia, na mara nyingi orodha ndefu ya namna hiyo imeandikwa kwa hofu ya kumpoteza mteja asiyejua anachotaka. Mimi hutafuta karatasi iliyobandikwa ukutani, iliyoandikwa kwa mkono na pengine kwa lugha nisiyoisoma, kwa kuwa hiyo ndiyo orodha ya kilichopikwa leo. Haifai kumuuliza mhudumu kipi ni kizuri, kwa maana atakujibu kwamba vyote ni vizuri. Muulize kimepikwa nini leo, au muulize wale wa meza ile wanakula nini. Akikuonya kwamba pengine hutakipenda, usione umedharauliwa. Ameshawaona wengi wakikiagiza na kukiacha. Mweleze kwa upole kwamba unakubali kukionja, naye mara nyingi atakuletea kama wanavyoletewa wenyewe.

Makala yenu pia iliwaonya wasomaji dhidi ya mikahawa ya wahamiaji inayouza kwa bei ya juu, kana kwamba chakula cha wahamiaji kina wajibu wa kuwa rahisi. Krishnendu Ray, profesa wa masomo ya chakula katika Chuo Kikuu cha New York, ameandika kwa kina kuhusu jambo hili: hadhi ya chakula hufuata hadhi ya wanaokipika, na taifa likitajirika, chakula chake nacho hupanda bei mezani, kama ilivyotokea kwa chakula cha Kijapani nchini Marekani. Saa sita za mpishi anayesaga viungo kwa mikono yake hazipungui thamani kwa sababu pasi yake ya kusafiria ilitoka nchi maskini. Msomaji ana haki ya kukitafuta cha bei nafuu, na mitaa hii ina vingi. Lakini kumwambia kwamba bei ni dhuluma kwa sababu tu mwenye mkahawa ni mgeni si ushauri wa mlo.

Kuna nambari moja ambayo ningemshauri msomaji aifuate bila kusita, nayo ni ya usafi pale inapobandikwa mlangoni: herufi A, B na C ambazo jiji la New York lilianza kuzitoa mwaka 2010, au alama za kuanzia 0 hadi 5 zinazotumika Uingereza. Hizo hutolewa na mkaguzi aliyeingia jikoni. Hazisemi kama chakula ni kitamu, wala hazidai kukisema.

Suala la wenye mzio na wenye miiko ya dini makala haikuligusa kabisa, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu kweli. Supu ya mboga huweza kuwa imechemshwa kwa mifupa. Mchuzi usioonekana nyama huweza kuwa na samaki aliyechachushwa. Mafuta yaliyokaanga viazi huenda ndiyo yaliyokaanga kamba. Umoja wa Ulaya una orodha ya vizio 14, yaani vyakula na viungo vinavyoweza kuleta mzio, na tangu Desemba 2014 mikahawa yake inatakiwa kumweleza mteja kama vimo katika chakula, hata kama chakula hicho hakikufungashwa. Palipo na sheria ya namna hiyo na pasipo nayo, ni salama zaidi kuvitaja viungo vyenyewe kwa majina, ufuta, karanga, maziwa, kuliko kuuliza kwa jumla kama chakula kina madhara, kwa kuwa mhudumu mwenye lugha nyingine anaweza kukubali kwa adabu swali ambalo hakulielewa. Na kundi la marafiki linapobishana pa kwenda, yule mwenye mipaka mingi zaidi katika kula ndiye achague mkahawa, kisha wengine wachague chakula. Wengi wetu hufanya kinyume, tukachagua tunapopapenda sisi, halafu mwenzetu akaambulia saladi na maji.

Mhariri, ukurasa wenu wa vyakula una nguvu ambayo simu haina, kwa kuwa mnaweza kumtuma mtu akae, ale, arudi tena na kuuliza. Jonathan Gold alifanya hivyo kwa miaka mingi huko Los Angeles, akiandika kuhusu vijimkahawa vya wahamiaji kwa makini yaleyale waliyopewa wapishi mashuhuri, na mwaka 2007 akawa mhakiki wa kwanza wa mikahawa kushinda Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari nchini Marekani. Hata Michelin, kampuni ya Kifaransa yenye mwongozo mashuhuri wa mikahawa, walioanza kutoa nyota zao mwaka 1926, ilipofika 2016 walivipa nyota vibanda viwili vya chakula huko Singapore ambavyo watu hupanga foleni na kula kwa sahani za plastiki. Ninachoomba ni kidogo kuliko hayo. Mtakapochapisha tena orodha ya mikahawa ya mitaa hii, mwandishi aeleze alikula saa ngapi, aliagiza nini, nani alimsaidia kuchagua, na kama aliyemsaidia anakijua chakula hicho tangu utotoni. Na pale ambapo mwenye mkahawa ndiye aliyelipia mlo, hilo liandikwe mwanzoni mwa makala, lisifichwe mwishoni kwa herufi ndogo.

Wako,
Msomaji wa gazeti lako