Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi za Chama na Suala la Barua kwa Wachangiaji

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji,
Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwaletee taarifa ya mwaka unaoisha. Naanza na kazi za kawaida, na sitakaa nazo muda mrefu kwa sababu wengi wenu mlizifuatilia kwenye kundi letu la simu.

Mwaka huu tumetoa viti vya magurudumu 86, tumekarabati viti 140, tumetembelea nyumba 203, tumeendesha mafunzo mawili ya mafundi na moja la familia, na Kamati imeketi mara 9. Ghala limepangwa upya na vipuri vimeorodheshwa. Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Tumefiwa na wanachama wawili. Nitaomba tusimame dakika moja kuwakumbuka kabla ya kuingia kwenye yatokanayo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi hapa leo, nalo ni barua za kila mwezi.

Kamati ilikubali pendekezo langu kwamba kila mwezi chama kiandike barua moja kwa wachangiaji wetu wote, na barua hiyo iwekwe wazi, asomaye yeyote asome. Tulitenga sehemu ya fungu la uendeshaji kununua simu yenye kamera nzuri na kulipia intaneti. Kuanzia siku hiyo nimesikia maneno mengi, mengine mbele yangu, mengi zaidi nyuma yangu. Lililorudiwa zaidi ni kwamba fedha ile ingenunua viti. La pili ni kwamba barua ya tano ilikianika chama hadharani. Nitayajibu yote mawili, na naomba mnisikilize hadi mwisho.

Nianze tulikotoka. Kwa miaka mingi mchangiaji wetu alisikia kutoka kwetu mara mbili tu: tunapoomba, na tunapomtumia risiti. Mtu anayebisha hodi kwako kila akiwa na shida, siku ukimwona mlangoni huhitaji kuuliza amefuata nini. Daftari la Mweka Hazina lilikuwa na majina 412 ya watu waliowahi kutuchangia. Waliotoa chochote ndani ya miaka miwili iliyopita walikuwa 151. Niliketi na daftari lile na kuwapigia simu mwenyewe watu 60 kati ya wale walionyamaza, kwa vocha yangu. Nilitarajia kuambiwa hali ni ngumu. Wapo waliosema hivyo, lakini jibu nililolisikia mara nyingi kuliko yote lilikuwa hili: "Sikujua kama bado mpo." Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, maana mafundi wetu hawajawahi kulala wiki moja bila kushika spana, na watu waliolipia zile spana hawana habari.

Wapo wanaosema kuandika si kazi ya chama cha hisani. Ndugu zangu, tarehe 24 Juni 1859 mfanyabiashara wa Geneva, Henry Dunant, alifika karibu na Solferino, kaskazini mwa Italia, akakuta maelfu ya majeruhi wa vita wamelala bila wa kuwahudumia. Alisaidia kadiri alivyoweza. Kisha akarudi kwao, akaandika aliyoyaona kwa macho yake, akachapisha nakala 1,600 kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1862 na kuzisambaza. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu, na mwaka 1864 ukatiwa saini Mkataba wa kwanza wa Geneva. Yule mtu angebaki na simulizi yake moyoni, majeruhi aliowafunga vidonda wangekuwa wale wale wa Solferino tu.

Nakiri kwamba barua ya kwanza, niliyoiandika mimi, haikuwa nzuri. Niliijaza takwimu: viti vingapi, nyumba ngapi, asilimia ngapi. Ilijibiwa na watu wanne. Baadaye nilisoma utafiti wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, uliochapishwa mwaka 2007. Kundi moja la watu lilisimuliwa habari za mtoto mmoja wa miaka 7 wa Mali aitwaye Rokia, kundi jingine likapewa takwimu za njaa ya mamilioni. Waliosoma habari za Rokia walitoa zaidi ya mara mbili ya waliosoma takwimu. Na waliopewa vyote viwili kwa pamoja walitoa kidogo kuliko waliosimuliwa habari za Rokia peke yake. Nilipomaliza kusoma nilifuta nusu ya barua ya pili na kuanza upya.

Barua ya tatu ndiyo iliyofungua mlango. Ilimhusu mzee mmoja, fundi cherehani, tuliyempa kiti akarudi nacho baada ya wiki moja. Hakikuwa kibovu. Vikanyagio vya miguu vilikuwa juu mno, kwa hiyo magoti yake yaligota chini ya meza ya cherehani, akawa analazimika kushona akiwa amejipinda upande. Fundi wetu alilegeza nati mbili, akashusha vikanyagio kwa upana wa vidole vinne, akakaza. Dakika 20. Mzee akasogea mezani, magoti yakaingia, akavuta kitambaa na kuanza kushona pale pale huku tukimtazama. Barua hiyo haikuomba hata senti moja. Ilijibiwa na watu 31. Mmoja wao, aliyekuwa amefunga karakana yake, alitutumia sanduku zima la nati na skrubu, na mpaka leo tunazitumia. Ndipo nilipoelewa kwamba mchangiaji hataki kusifiwa. Anataka kuona mahali mkono wake ulipofika.

Sasa barua ya tano.

Tulikuwa tumegawa viti 24 vyenye matairi ya upepo. Ndani ya miezi mitatu, 11 kati ya hivyo vilikuwa havitumiki. Niliingia katika nyumba moja nikakuta kiti chetu kimeegemezwa ukutani, nguo zimeanikwa juu yake. Tyubu ya kulia ilikuwa na viraka vitatu na ilikuwa imelala tena. Pampu hawakuwa nayo, wala hatukuwahi kuwapa. Mwenye kiti alikuwa ameketi kwenye mkeka, na mama yake akaniomba radhi, kana kwamba kosa lilikuwa lao. Sitasahau ile radhi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu utoaji wa viti vya magurudumu unataja hatua 8, kuanzia mhitaji anapoelekezwa kwenye huduma, kupimwa na kuchaguliwa kiti kinachomfaa, hadi ufuatiliaji na matengenezo baada ya kupewa. Hatua ile ya mwisho sisi tuliiruka. Na tulichagua matairi ya upepo kwa sababu viti vile vilikuwa na bei nafuu, tukapata vingi zaidi. Kamati ilijadili, mimi nikatia saini. Sikuficha saini yangu. Niliandika katika barua kwamba uamuzi ulikuwa wetu na ulikuwa na kasoro, nikaeleza tyubu ile yenye viraka vitatu, nikaeleza tutakavyorekebisha.

Wanachama 6 waliniandikia kupinga. Mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, aliniambia uso kwa uso kwamba mambo ya nyumbani hayatolewi sebuleni. Kwenye kundi la simu iliandikwa kwamba Mwenyekiti anatafuta umaarufu. Hilo liliniuma na nalisema waziwazi, kwa sababu mtu anayetafuta umaarufu haandiki makosa aliyoyatilia saini yeye mwenyewe.

Hatukuwa wa kwanza. Engineers Without Borders ya Kanada, shirika la wahandisi wanaosaidia kazi za maendeleo, ilianza mwaka 2008 kuchapisha kila mwaka taarifa ya mambo yaliyowashinda, na hawakusambaratika. Shirika la charity: water la Marekani lilichimba kisima Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2010, maji hayakupatikana, nao wakawaambia wachangiaji wao hivyo hivyo. Mchangiaji si mtoto. Anajua kazi ya mikono ina kuharibika. Akisoma miaka mitano mfululizo kwamba kila kitu kimekwenda vizuri, anaanza kujiuliza anafichwa nini.

Na matokeo ni haya, mazuri na mabaya. Baada ya barua ya tano, wachangiaji 3 walijitoa. Wawili walieleza sababu, mmoja hakueleza. Wachangiaji 17 walituma fedha bila kuombwa, baadhi wakitaja kabisa kwamba ni za matairi magumu yasiyohitaji upepo. Ndani ya wiki 10 viti vyote 11 vilikuwa vinatembea tena. Kwa mwaka mzima, watu 38 waliokuwa wamenyamaza wamerudi kuchangia, na walichotoa kimezidi gharama yote ya simu na intaneti. Mwenye kutaka kuhakiki, daftari liko kwa Mweka Hazina. Kwa hiyo anayesema fedha ile ingenunua viti, jibu langu ni kwamba imenunua viti.

Lipo lawama moja ninalolikubali. Katika barua ya pili tuliweka picha ya binti wa miaka 14, uso wake wazi. Mama yake aliridhia kwa mdomo. Binti mwenyewe hatukumuuliza, na wenzake walimtania kwa picha ile. Tuliiondoa siku tuliyoambiwa, nikaenda kumwomba radhi. Tangu hapo tuna utaratibu: mwenye habari anasomewa barua yote kabla haijatoka, anaruhusiwa kubadilisha au kukataa, jina lake halitajwi asipotaka, na akibadili mawazo baadaye tunaiondoa. Mashirika ya Ulaya yaliyo chini ya CONCORD yalikubaliana mwaka 2006 juu ya kanuni za picha na ujumbe zinazolinda heshima ya mtu, nasi tungezisoma mapema tusingemkosea binti yule. Lakini kosa hilo lirekebishwe kama kosa, lisigeuzwe fimbo ya kuulia kazi yote.

Wengine walipendekeza tuache barua, tufanye tukio moja kubwa la kuvuma mitandaoni. Siubezi mfano wao. Majira ya kiangazi ya mwaka 2014, watu walipokuwa wakijimwagia ndoo za maji ya barafu, ALS Association ya Marekani, shirika linalopambana na ugonjwa wa neva uitwao ALS, ilikusanya dola milioni 115. Ila wimbi la namna ile haliagizwi. Fundi wetu anahitaji vipuri kila mwezi, na mchangiaji wa kila mwezi hujengwa kwa mazungumzo ya kila mwezi. Ndiyo maana nimesisitiza kila anayeandika ajibiwe, tena na mtu, ndani ya siku tatu. Majibu 96 mwaka huu niliyaandika mimi.

Na hapa niseme jambo la ugawaji wa kazi. Kati ya barua 12, nimeandika 8, nyingi usiku baada ya shughuli zangu. Katibu ameandika 3, namshukuru kwa dhati. Moja imeandikwa na kijana wetu wa karakana, na watu wameipenda sana kwa sababu anajua kila beringi kwa mguso. Wanachama 15 waliahidi kuleta habari kutoka nyumba wanazozitembelea. Walioleta ni 2.

Hilo linanipeleka kwenye mahudhurio na ada, na sitazunguka. Orodha yetu ina wanachama 132. Waliolipa ada ya mwaka huu ni 47. Mkutano wa nusu mwaka walikuja 19, akidi ni 44, tukatawanyika bila kuamua lolote baada ya kungoja saa mbili. Katika hao 6 walionipinga kwa maandishi, 4 hawajalipa ada kwa miaka miwili, na hakuna hata mmoja aliyekuwapo siku Kamati ilipowaalika wanachama kujadili barua hizo kabla hazijaanza. Tangazo lilitolewa mara tatu, kwenye kundi na kwa ujumbe wa simu. Nina haki ya kupingwa, na katiba inampa kila mwanachama haki ya kunipinga. Lakini ni vigumu kumwandikia mchangiaji wa nje kwamba chama kiko imara ilhali wenye chama hawatoi kilicho chao. Mchangiaji mmoja aliniuliza katika jibu lake wanachama wenyewe wanachangia kiasi gani. Swali hilo lilinikalia siku mbili kabla sijalijibu, nikamweleza ukweli.

Kuhusu mwaka ujao, tunatumaini kuendeleza barua, kuongeza waandishi, na Mungu akipenda kuanza kurekodi sauti kwa ajili ya wachangiaji wasioona vizuri. Tunafikiria pia siku moja kuwaalika wachangiaji karakanani waone kazi. Matembezi ya ufuatiliaji tungependa yamfikie kila aliyepewa kiti, kadiri nguvu zitakavyoruhusu. Hoja ya kusitisha barua iko kwenye ajenda namba 6, nami nitaheshimu kura yenu. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kupiga kura, kila mmoja asome barua ya tatu na ya tano. Nakala ziko mezani karibu na mlango, pamoja na daftari la ada na kalamu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Chama