Tushirikiane kwa uwazi katika akili mnemba na blokucheni

Mhariri,

Nchi jirani zinazojenga mifumo ya akili mnemba na blokucheni (daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi) kila moja kivyake zinapoteza nguvu bure. Mwaka 2018 nchi za Ulaya ziliungana kujenga mtandao wa pamoja wa blokucheni, na miongoni mwa kazi zake ni kuhakiki vyeti vya masomo: mwajiri aliye nchi nyingine anakagua saini ya kidijitali ya chuo bila kusubiri barua ya msajili. Huo ndio ushirikiano unaofaa kuigwa. Hata hivyo, taarifa binafsi zisiwekwe kwenye leja yenyewe, yaani daftari hilo la pamoja, kwa kuwa kilichoandikwa humo hakifutiki kirahisi. Na modeli za akili mnemba zitolewe pamoja na maelezo ya data zilizotumika kuzifunza, la sivyo watafiti wa nchi zinazoshirikiana hawataweza kuzikagua ipasavyo.

Msomaji wako